Kabla ya Uji, Baada ya Uji

Nchi ninayotaka kuwaeleza habari zake haiko jirani na kwenu, kwa hiyo msianze kutazamana. Iko mbali, ina wizara nyingi na barabara chache, na viongozi wake wanawapenda watoto kupita kiasi, ila hawana nafasi ya kuwaona. Mimi ni mpishi wa uji katika nchi hiyo, Shule ya Msingi Umoja wa Pili. Umoja wa Kwanza ulivunjika. Jina langu Nyamizi. Watoto wakiwa na kikombe mkononi wananiita Bi Nyamizi, wakishashiba wananiita Mama Moshi.

Sikusoma sana. Nikikosea jambo kubwa la kitaifa, mniwie radhi. Mimi ni mtu wa kuni na mwiko.

Shuleni kwetu kulikuwa na walimu wawili ambao walipatana kwa yote isipokuwa moja: mtu ametoka wapi. Mwalimu Elifasi wa somo la dini, mzee mpole wa suti moja ya kahawia, alifundisha kwamba Mungu alimfinyanga mtu wa kwanza kwa udongo akampulizia pumzi, kazi ikaisha siku ileile. Mwalimu Radhia wa sayansi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha hata darasa la jirani, alifundisha kwamba mtu amebadilika kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka, kutoka kwa viumbe wa kale. Alikuwa na sanduku la mifupa ya kuthibitisha. Mingi ilikuwa ya mbuzi, lakini alikuwa nayo.

Zamani wazazi walikuja juu kikaoni. Nusu walitaka Radhia aondoke kabla hajawaotesha watoto wao mikia. Nusu walitaka Elifasi aache kuwajaza udongo vichwani madaktari wa kesho. Katika kikao hicho vilivunjika viti viwili na jino moja. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Ngwale, ambaye hapendi ugomvi na wala hapendi kazi, alijikuna kichwa siku mbili kisha akabandika ratiba mpya. Dini zote asubuhi mpaka saa nne. Saa nne uji. Sayansi zote baada ya uji. Hakuna mahali alipoandika kwamba uji wangu ndio mpaka. Ilitokea tu, ikawa desturi.

Basi kwa miaka kumi na moja mtoto wa Umoja wa Pili aliumbwa asubuhi, akanywa uji saa nne, na saa nne na nusu akarudi darasani akiwa wa ukoo wa viumbe wa kale. Hakuna aliyeugua. Mitihani yote miwili walifaulu. Walimu wenyewe walikaa benchi moja jikoni kwangu, Elifasi akiomba kwanza, Radhia akisubiri amina ndipo aanze kumchokoza.

"Mwalimu, leo unafinyanga wangapi?"

"Kunywa uji wako, mjukuu wa nyani."

"Mara ngapi nimekwambia si nyani!"

Wakicheka, hata moshi wa kuni ulikuwa hauniumi macho. Niliwapenda wote wawili, na bado nawapenda.

Sasa siku moja akaja mkaguzi kutoka Wizara ya Malezi na Chanzo. Bwana Kaselema huyo, viatu vinang'aa, daftari kwapani. Kwa bahati yetu mbaya alifika saa nne kamili, wakati hakuna somo lolote, foleni ya uji imezunguka jiko. Akamnyooshea kidole mtoto wa kwanza aliyemwona. Alikuwa Masika.

Masika alikuwa darasa la sita, miaka kumi na miwili, anaishi na bibi yake ng'ambo ya korongo. Anatembea saa nzima kuja shule, na uji wangu ndio humfungulia kinywa. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa jinsi anavyoshika kikombe, mikono miwili, macho chini, mpaka kiishe.

"Wewe binti," akasema mkaguzi, "binadamu ametokana na nini?"

Masika alitazama sufuria, akatazama kikombe chake kilichokuwa kitupu. Ni mtoto mwenye adabu, hakutaka kumjibu mgeni ovyo.

"Shikamoo baba. Samahani, unauliza kabla ya uji au baada ya uji?"

Mkaguzi alitoa macho. Kisha akaketi juu ya gogo langu la kuni akaandika muda mrefu sana, akaniomba na kalamu nyingine. Mimi nikampa na kikombe cha uji. Alikunywa, akasema una ladha nzuri, akaliandika na hilo.

Ripoti yake tulikuja kuisikia baadaye ikisomwa. Ilisema hivi: "Imebainika kwamba katika shule hii chanzo cha binadamu hubadilika saa nne kamili asubuhi, mara baada ya kunywa uji. Uji huo una ladha nzuri. Mpishi anaitwa Nyamizi." Katika nchi hiyo wakubwa huanza kusoma ripoti kwa chini, na mara nyingi hawafiki juu.

Usiku haukupita, Waziri wa Malezi na Chanzo, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Tegemeo Lubasha, alikuwa redioni. Sauti yake ni nzito, na ukimsikia unasimama hata kama uko peke yako nyumbani.

"Ndugu wananchi! Taifa ambalo watoto wake hawajui walikotoka kabla ya saa nne, haliwezi kujua linakokwenda baada ya saa nne! Kuna mkono. Nasema kuna mkono! Na mkono huo umeshika upawa!"

Mkono wenyewe ulikuwa huu wangu. Nilikuwa nao pale nikimenyea viazi.

Akatangaza kwamba uji wote wa shule umesimamishwa kwa muda usiojulikana, kuanzia jana. Waliokuwa wameunywa jana waliambiwa watulie wasubiri maelekezo. Asubuhi yake yakaja magari matatu na wanaume sita kuja kuifunga sufuria yangu. Waliizungushia utepe mwekundu, wakaipiga lakiri, wakaiandika Kidhibiti Namba Moja. Mwiko wangu ukawa Namba Mbili. Uji uliobaki chini waliukwangua wakaupeleka kupimwa, kwa sababu Wizara ilikuwa imeshaamua kwamba kuna kitu ndani yake kinachogeuza watoto.

Majibu ya maabara yalitoka baada ya wiki tatu: maji, unga wa mahindi, sukari ya kutafuta kwa tochi, na fukusi mmoja, marehemu. Kuhusu sukari hakuna aliyeuliza, ingawa kwenye karatasi za Wizara shule yetu ilikuwa inapata magunia. Fukusi ndiye aliyeleta mjadala. Wengine walisema amewekwa mule kwa makusudi maalumu ambayo sisi hatuyajui. Wengine walisema amebadilika vizazi hata vizazi mpaka akawa hawezi kuishi nje ya unga wa serikali. Kwa mara ya kwanza nikaona maneno ya Mwalimu Radhia yana ukweli fulani.

Ndipo ikaundwa Tume ya Taifa ya Chanzo cha Watoto. Mwenyekiti, Waziri mwenyewe. Wajumbe, nusu watu wa dini na nusu wasomi. Upande mmoja walikaa Askofu na Sheikh, ambao kwa miaka ishirini hawakuwahi kusalimiana, sasa wameshirikiana kitambaa cha kufutia jasho. Upande wa pili alikaa Profesa mmoja wa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuwatazamia wasiosoma. Ili mambo yawe wazi, karani aliwaandika Upande wa Udongo na Upande wa Nyani. Profesa akaruka.

"Si nyani! Sayansi haisemi nyani! Futa!"

Karani hakufuta, maana kufuta ni kosa. Aliongeza chini: "Profesa amekana kuwa nyani." Na kila kikao Profesa alilalamika tena, na kila kikao likaandikwa tena. Mpaka leo ndiyo kumbukumbu iliyothibitishwa mara nyingi kuliko zote katika nchi hiyo.

Tume ilikaa palepale shuleni, darasa la sita, ili iwe karibu na ushahidi. Na kwa kuwa wajumbe wanakula, na mpishi nipo, nikapewa kazi. Saa nne kamili, wakati ambao watoto walikuwa wameamriwa kupumzika bila kitu, mimi nilikuwa navusha uwanjani chapati, maini, mayai na chai ya maziwa. Watoto mia tatu na kumi na wawili walinipisha njia. Wengine walifumba macho ili wanuse vizuri.

Naomba niseme wazi kwamba niliona aibu. Nimepika miaka mingi na sijawahi kuona aibu ya chakula kama ile.

Wiki ya pili, wakati wa wimbo wa taifa, mtoto wa darasa la kwanza anayeitwa Kirumbi alianguka. Puu, chini, kwenye vumbi. Bwana Kaselema aliandika kwamba mwanafunzi mmoja alizidiwa na uzalendo. Mwalimu Elifasi ndiye aliyembeba, na Mwalimu Radhia akampa maji ya sukari kwa kijiko.

Kesho yake nilimwona Elifasi akiingia maabara na mkoba wa Biblia umevimba. Nikamfuata, mimi na udaku wangu. Ndani ya mkoba mlikuwa na mihogo. Radhia alikuwa amewasha jiko lake la majaribio, anaichemshia kwenye chombo cha kioo, na darasa la kwanza wamejipanga kimya kwenye sakafu wanangoja. Nje ya dirisha, darasani kwa Tume, Askofu na Profesa walikuwa wanapigiana meza. Humu ndani Elifasi alikuwa anapuliza mihogo ipoe.

"Omba haraka, Mwalimu," Radhia alisema, "wanaona njaa."

Akaomba haraka. Lakini mihogo ya mkoba mmoja haiwezi kulisha shule nzima. Watoto wa madarasa ya juu hawakupata kitu, na hao wakaanza kumnunia Masika. Wakipita wanamsonya: ni wewe na domo lako. Mchana mmoja alikuja jikoni, akasimama mbele ya sufuria yenye utepe.

"Bi Nyamizi, ni mimi niliyemaliza uji?"

Nilimwambia si yeye. Nilimwambia yeye ndiye pekee aliyeuliza swali la maana tangu mkaguzi afike. Hakuniamini, niliona usoni. Nikaipiga ile sufuria teke, lakiri na yote, na kidole gumba kinaniuma mpaka leo nikivaa viatu.

Siku ikafika Tume ikamwita Masika kutoa ushahidi. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Alisimamishwa mbele ya meza ndefu, kati ya sahani za mayai, na walimu wake wawili wamekalishwa nyuma kama watuhumiwa. Waziri alimwonea huruma, akashusha sauti ikawa karibu ya kibinadamu.

"Binti yangu, usiogope. Tume inataka jibu moja tu. Useme, binadamu ametokana na nini. Ukisema udongo, uji unarudi kesho, na Mwalimu Radhia anahamishiwa Idara ya Mamba kule mpakani. Ukisema nyani..."

"Si nyani," akasema Profesa.

"...ukisema hilo la Profesa, uji unarudi kesho, na Mwalimu Elifasi ndiye anakwenda kwa mamba. Umeona ilivyo rahisi? Ni wewe tu."

Nikaliweka birika sakafuni. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaambiwa achague: Kirumbi aendelee kuanguka, au mmoja wa watu hawa wawili aliwe. Nilimtazama Elifasi. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, na midomo yake inasema "sema sayansi, sema." Nikamtazama Radhia, naye anamkonyeza mtoto na kuonyesha chini, kwenye udongo. Kila mmoja anajitolea kwa mamba. Nililia pale mlangoni, sioni haya kulisema.

Masika alizitazama sahani za mayai. Kisha akauliza kwa adabu ileile:

"Mheshimiwa, sasa hivi ni kabla ya uji au baada ya uji?"

"Hakuna uji!" Waziri akasema. "Uji umesimamishwa!"

"Basi samahani, Mheshimiwa. Kama hakuna uji, siwezi kujua nipo upande gani wake."

Tume ikatazamana. Profesa akavua miwani mmoja. "Kimbinu," akasema, "mtoto ana hoja. Tunachunguza athari za uji bila uji." Askofu akasema kwamba kiapo cha shahidi mwenye njaa kina mashaka. Sheikh akasema hilo analiunga mkono, na wakashikana mikono. Waziri, aliyekuwa akimenya yai, aliona jambo limempita, akalidandia.

"Ndivyo nilivyokuwa naelekea! Sufuria ifunguliwe!"

Wale wanaume sita wakaletwa na magari yao matatu, wakakata utepe. Kesho yake nikapewa unga, nikapika. Saa tatu na nusu Waziri alisimama uwanjani na kipaza sauti, akauliza shule nzima: mmetokana na nini? Watoto mia tatu na kumi na wawili, kwa mazoea ya miaka, wakaitika: "Udongo!" Wakanywa. Nilimwaga mpaka ukingoni, nani angenizuia? Saa nne na nusu akawauliza tena. "Viumbe wa kale!" wakaitika, wamechangamka.

Waziri alirudi nyuma hatua tatu. Askofu alishika msalaba wake. Hata Profesa, ambaye alipaswa kufahamu maana ya ratiba ya shule, alikuwa anaandika haraka haraka bila kuinua kichwa. Ratiba yenyewe ilibandikwa ukutani, nyuma ya kichwa chake.

"Jaribio moja halithibitishi kitu," akasema. "Lirudiwe. Likija jibu hilohilo mara tatu, tutafunga kazi."

"Na tukifunga kazi?" akauliza Bwana Ngwale, kwa woga.

"Sufuria inarudishiwa utepe," akasema Waziri. "Milele. Uji wenye nguvu namna hii hauwezi kuachwa mikononi mwa raia."

Masika alisikia. Nilimwona alivyosikia. Siku ya pili majibu yalikuwa yaleyale, kwani watoto hawakujua. Siku ya tatu, kabla ya kengele, alianza kutembea kwenye foleni kutoka nyuma kwenda mbele, anainama sikioni mwa huyu, anainama kwa yule. Wale wale waliomsonya wakawa wanaitikia kwa kichwa. Alipofika kwangu alisema tu, "Bi Nyamizi, umebaki unga kiasi gani?"

"Wa leo tu, mwanangu."

"Sawa."

Waziri akauliza. "Viumbe wa kale!" wakaitika, kabla hawajanywa hata tone. Wakanywa. Akauliza tena. "Udongo!"

Askofu alipiga kelele za furaha. Profesa alipiga kelele za kutaka jaribio lirudiwe. Likarudiwa. Wavulana wakasema hili, wasichana lile. Likarudiwa. Darasa la nne wakasema hawakumbuki. Askofu akataka uji uombewe, ukaombewa. Profesa akataka uchujwe, ukachujwa. Mmoja akadai tatizo huenda ni kukosekana kwa maziwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona maziwa katika uji wa serikali. Darasa la kwanza, wakiongozwa na Kirumbi, mashavu yamejaa, walitangaza kwamba wametokana na karanga. Basi karanga nazo zikaletwa, ili zichunguzwe ndani ya uji.

Sasa ni mwaka wa pili. Tume imesema shule moja ni sampuli ndogo, kwa hiyo jaribio limepelekwa nchi nzima, hata vijijini ambako hakuna mtoto aliyewahi kuona uji wa shule. Kila saa nne, nchi nzima inakunywa kwa ajili ya utafiti. Waziri amepewa udaktari mwingine. Bwana Kaselema huja kila mwezi kuandika majibu, na kila mwezi majibu hayalingani, na yeye hutikisa kichwa akasema kumbe suala hili ni gumu. Naambiwa shule nyingine nazo zina vijana wao wanaotembea kwenye foleni wakiinama masikioni. Sijui walijifunza wapi.

Masika yuko darasa la saba, anamaliza mwaka huu. Kazi ya foleni ameshaanza kumfundisha Kirumbi.

Juzi Masika alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Walimu walikuwa benchini pao, Elifasi anaomba, Radhia anamsubiri. Nikamsogezea mtoto kikombe nikamuuliza kwa sauti ya chini, maana lilikuwa linanikereketa siku nyingi.

"Na wewe mwenyewe, Masika? Ukiacha mambo ya foleni. Unaonaje?"

Aligeuka kwanza kuangalia benchi.

"Mimi niliamua darasa la tatu, Bi. Mwalimu Radhia alinipa mkono wa kima kutoka kwenye lile sanduku. Nikauweka juu ya wangu. Vidole vitano, na vinakunjika palepale vinapokunjika vyangu." Akakunja vidole vyake kwenye kikombe, kunionyesha. "Nikajua. Lakini usimwambie Mwalimu Elifasi. Ataumia. Na asubuhi akiomba na sisi mimi naona raha, sitaki aache."

Nilibaki na upawa hewani. Darasa la tatu! Kabla ya mkaguzi, kabla ya Tume, kabla ya magari matatu na lakiri.

"Na siku ile walipokuuliza, mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza naonaje, Bi. Waliniuliza nani aliwe na mamba."

Siri yake nimeitunza. Nawaambia ninyi tu, kwa kuwa ninyi ni watu wa nchi nyingine na kwenu mambo haya hayapo. Kule benchini Elifasi alisema amina, Radhia akamuuliza leo amefinyanga wangapi, na wote wawili wakaanza kucheka. Masika akaninyooshea kikombe tena. Nikamwongezea.